Maji ya Kijani Sebuleni kwa Mama Eliya

Miaka ishirini na mmoja Generosa alikula kwa maji, akasomesha kwa maji, na sasa maji hayo hayo yalikuwa yanamuaibisha sebuleni kwake mwenyewe, mbele ya watu.

Asiyejua mwalo hawezi kuelewa aibu hiyo ilivyomuuma. Mwalo ni pale wanapooshea dhahabu. Mawe yakishatoka shimoni na kusagwa kuwa unga, ule unga unapitishwa na maji juu ya ubao ulioinamishwa na kutandikwa magunia, na dhahabu, kwa uzito wake, inabaki imenasa kwenye nyuzi. Kazi hiyo Generosa aliianza huko Geita akiwa na mwanawe Eliya mgongoni, binti wa Ushirombo asiyejua hata karai linashikwaje, na aliiacha akiwa na magoti mabovu na jina kubwa. Wenye mashimo walikuwa wanagombana nani aoshewe na yeye. Hakuwa na pupa. Kwa kuyatazama tu alijua maji yapi yamechoka na yapi bado yanafaa kurudiwa, na dhahabu ya mtu haikupotea mikononi mwake hata mara moja.

Magoti yalipogoma kabisa, alirudi kwa mumewe Herman, mtaa wa Kambarage, Shinyanga mjini, ambako Herman anaendesha mashine ya kukoboa mpunga. Akapanda mchicha, akafuga kuku, akaingia jumuiya ya kanisani. Angeishi hivyo hivyo kimya kimya kama si jino.

Jino lilimpeleka Mwanza. Kwenye chumba cha kusubiria daktari kulikuwa na tangi la vioo, na ndani yake samaki wa mapambo, wekundu na wa rangi ya chungwa, wanapita taratibu kana kwamba duniani hakuna haraka. Generosa alikaa mbele yake na shavu limevimba. Jina lake lilipoitwa akamwambia mama wa pembeni atangulie. Likaitwa tena, akamtanguliza mwingine. Kwa mara ya tatu nesi alitoka mwenyewe kumtafuta, akidhani amekimbia sindano. Hakuwa amekimbia. Alikuwa anatazama maji ambayo hakuna mtu anayetafuta kitu ndani yake.

Sasa elewa jambo moja kuhusu mama huyu. Katika maisha yake yote hakuwahi kununua kitu kisichofanya kazi. Sufuria inapika, jembe linalima, kanga inabeba mtoto. Miezi mitano baada ya lile jino alirudi Mwanza na akiba yake, akanunua tangi la vioo, pampu ndogo ya kupulizia hewa, kopo la chakula na samaki tisa. Herman aliuliza hawa wataliwa lini. Akajibiwa hawaliwi. Akauliza sasa kazi yao nini. Generosa akaingia jikoni huku anatabasamu peke yake.

Alilitegesha tangi dirishani, kwenye jua zuri la asubuhi, na kwa hilo usimcheke. Kule machimboni wataalamu wa afya waliwafundisha kujaza maji kwenye chupa na kuzilaza juu ya bati, jua liue vijidudu, na kweli matumbo ya kuhara yalipungua. Kwake yeye jua na maji ni marafiki wa siku nyingi. Isitoshe, pale dirishani kila mpita njia aliona samaki, na kila aliyeona alibisha hodi.

Na nyumbani kwa Mama Eliya mgeni haondoki hivi hivi. Anakaa, analetewa ugali na mboga. Tatizo likawa samaki. Unamega tonge, unainua macho, unakuta samaki tisa wamejipanga kwenye kioo wanakutazama wewe, midomo inafunguka, inafumba, inafunguka. Nani ana roho ya kumeza hapo? Mtu aliyelelewa vizuri hali huku mwenzake anamtazama. Basi mgeni anadondosha kipande cha ugali. Mwingine anadondosha punje za wali. Herman mwenyewe, aliyejifanya hawataki, kila jioni alikuwa anawatafunia karanga. Generosa alifurahi sana. Aliona nyumba yake ina baraka.

Wiki ya tatu maji yakaanza kuwa na rangi ya chai ya majani mabichi. Wiki ya nne samaki wakawa vivuli. Wiki ya tano hapakuwa na samaki. Palikuwa na boksi la kijani, na mara moja moja jicho linakuja kugusa kioo halafu linapotea.

Generosa aliingia vitani na silaha alizozijua. Alimwaga maji yote, akasugua vioo kwa mchanga, akajaza upya. Siku ya nne yakarudi kijani. Akamwaga tena, yakarudi tena. Akakumbuka jinsi walivyokuwa wanatuliza maji ya tope kwa shabu, lile jiwe jeupe la kusafishia maji ya lambo, akasaga kipande kikubwa akakikoroga humo. Asubuhi maji yalikuwa meupe. Alimwita Herman, akawaita na majirani, akapiga kigelegele. Ila samaki wawili walikuwa wanaelea tumbo juu, na kabla wiki haijaisha maji yakageuka kijani zito kuliko mwanzo. Aliwazika wale wawili chini ya mchicha. Alilia, na hakujali nani anamuona.

Watu nao wana midomo. Justa, mwenyekiti wa jumuiya, mama mwenye sauti ya kanisani hata akiwa sokoni, alichungulia tangi siku moja akasema, "Mama Eliya, samaki wa kwako umewaunga na mlenda?" Sebule nzima ikacheka. Generosa alicheka pamoja nao, lakini mzaha ule ukamchoma moyoni. Fundi wa maji wa mwalo mzima, ameshindwa na ndoo tano za maji.

Jumapili hiyo, wakitoka kanisani, Herman alizungumza. Si mtu mkali, Herman, ila anapenda mambo yaishe.

"Mama Eliya, mimi sigombani na samaki. Lakini sebuleni kwetu kuna dimbwi. Jumamosi ya wiki ijayo jumuiya inasali kwetu. Kama siku hiyo samaki wanaonekana, wakae mpaka tuzeeke nao. Kama hawaonekani, samaki tunampa yeyote mwenye bwawa, na kile kioo anachukua Loveness."

Loveness ni jirani yao wa ukuta, muuza maandazi. Tangu maji yageuke alikuwa ameshakuja mara mbili kupima tangi kwa shubiri, akisema kwa heshima zote kuwa maandazi yake yanaingia vumbi na kioo kama hiki kingemfaa.

"Sawa, Baba Eliya," alisema Generosa.

Hakuwa sawa hata kidogo. Alitembea njia nzima akiwa amenuna. Vitu vyote alivyowahi kununua vilikuwa vya nyumba, vya mtoto, vya shamba. Hiki kimoja kilikuwa chake, na alikuwa amepewa siku kumi na tatu kukitetea.

Jibu alilipata Jumatatu, mashineni, akiwa amempelekea Herman chakula. Mteja alikuwa ameshusha magunia ya mpunga. Herman hakufungua hata moja. Alichukua bambo, kile chuma chenye mfereji na ncha, akalichomeka kwenye gunia la kwanza, akalichomoa na punje kiganjani, akazitafuna. Akachoma la pili. Kwenye la tatu akatikisa kichwa: hili halijakauka, kalianike.

Generosa alisimama na bakuli mkononi mpaka mteja akamuuliza kama anaumwa.

Alikuwa anajitukana kimoyomoyo. Kwenye mwalo hakuna mwenye akili anayeosha mzigo kabla ya kuchukua sampo. Unatwaa konzi ya unga kutoka kila mfuko, unaiosha pembeni kwenye karai, kila moja peke yake, unaangalia ipi ina kitu na ipi ni udongo mtupu. Ndipo unajua ufanye nini na mzigo. Yeye mwenyewe amewafundisha wasichana wangapi jambo hilo, amewakwaruza wangapi kwa maneno kwa kuliruka! Halafu kwenye tangi lake mwenyewe alikuwa amevamia mzigo mzima kwa shabu na mchanga, bila kuuliza hicho kijani ni nini na kinakula nini.

"Baba Eliya, kula ugali, mimi nina kazi," alisema, akaondoka.

Alitafuta chupa tatu nyeupe, akazijaza maji ya kijani kutoka kwenye tangi. Ya kwanza akaiweka dirishani vile vile ilivyo. Ya pili akaiweka dirishani lakini akaitilia kipande cha ugali. Ya tatu akaifunga ndani ya kaniki, akaitia kwenye sanduku la nguo, akafunga kifuniko. Kaniki ile, kitambaa cheusi kizito, aliachiwa na marehemu mama yake, na hakuna nguo nyingine ndani ya nyumba isiyopitisha hata chembe ya mwanga. Kisha akafanya kitu alichokuwa anakifanya vizuri kuliko mtu yeyote pale mwaloni. Akasubiri.

Jumatatu iliyofuata alizipanga chupa tatu mezani. Ya dirishani ilikuwa imezidi ukijani. Yenye ugali ilikuwa nzito kama uji, na inanuka. Ya sandukuni ilikuwa na vumbi kidogo la kahawia chini, na juu yake maji. Maji, basi. Aliinua ile chupa usawa wa macho na kumuona kuku akipita nje upande wa pili wake, na manyoya yake yote.

Alivuta kiti, akakaa. Kwa hiyo haukuwa uchafu. Ulikuwa mmea, mdogo kuliko unga, na yeye ndiye aliyeulima. Jua ameupa yeye, mbolea wameupa wageni. Angemwaga maji mara mia, mbegu zingebaki kwenye kioo na shamba lingeota upya. Alicheka mpaka Loveness akagonga ukuta kuuliza kuna nini.

Kazi iliyobaki ilimchukua Jumanne moja mchana. Alipunguza maji, theluthi moja tu, na badala yake akatia mengine aliyoyakinga bombani tangu jana yake, yakalala wazi kwenye ndoo ili dawa ya bomba iishe. Akawaomba Herman na Loveness wamsaidie kulisogeza tangi kutoka dirishani mpaka kona ya ndani, pale kwenye ukuta wa chumba, ambako jua halifiki na mpita njia haoni kitu. Hilo lilimuuma. Alipenda watu wabishe hodi. Pampu akaiacha inapuliza, kwa sababu samaki anapumua hata gizani. Kopo la chakula akalifungia kabatini. Halafu akalifunika tangi lote kwa kaniki, mara mbili, juu na pande zote nne, akabana na pini za nguo.

"Mpaka Jumamosi asubuhi," alimwambia Herman. "Hakuna kuchungulia, hakuna karanga."

"Siku nne bila kula? Watakufa."

"Hawafi. Samaki si mimi na wewe. Ukiwaona wamenona vile ujue tuliwalisha kama ng'ombe."

Herman alitazama kile kitu cheusi kwenye kona ya sebule yake, akatazama ukuta uliokuwa na picha ya Bikira Maria, akakuna kichwa. Yeye ni Msukuma wa kuzaliwa. Alijua wanaovaa kaniki ni waganga, na alijua wanafunika nini nayo.

Na si yeye peke yake. Jumatano mtu mmoja alipita kuomba moto, akaona. Alhamisi watatu walikuja kusalimia bila sababu, wakakaa kwenye ncha ya kiti, macho yote konani. Ndani ya kile kitambaa pampu ilikuwa inanguruma polepole, bruu, bruu, na Mama Eliya alipoulizwa kuna nini humo alijibu kuna samaki, hawatakiwi kuona mwanga mpaka Jumamosi. Sasa jibu gani hilo? Ijumaa mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba Mama Eliya ameleta kitu kutoka machimboni, kinalishwa gizani, na ndiyo maana mashine ya Herman haiharibiki.

Generosa alisikia yote. Mkono ulimuwasha mara kumi kwa siku ainue pindo aone tu kidogo. Hakuinua. Mwaloni ukifunua gunia kabla ya wakati unamwaga cha mtu, na mwanga kidogo ni chakula cha adui. Lakini Ijumaa jioni, akipika maharage, alijiuliza ikiwaje kama amekosea. Chupa ni chupa, tangi ni tangi. Atafunua mbele ya jumuiya, na watakuta maji ya kijani na samaki saba waliokufa chini ya kaniki, na hapo hakuna atakayemcheka tena. Watamuogopa.

Jumamosi saa moja asubuhi jumuiya ilifika, watu kumi na wanne, na vitabu vya nyimbo kwapani. Mikeka ilikuwa imetandikwa, sanamu ya msalaba na mshumaa viko mezani. Waliamkiana, shikamoo na marahaba, lakini hakuna aliyekaa. Walisimama karibu na mlango kama watu waliofika stendi ya basi wasiloliamini. Justa ndiye aliyesema.

"Mama Eliya, mimi ni mwenyekiti, lazima niulize. Hiki nini?"

"Ni tangi langu."

"Tangi nalijua. Nauliza hicho kitambaa. Sisi tumekuja na rozari, wewe umetuwekea kaniki. Baba Eliya, wewe ni kiongozi wa kwaya, unaona sawa?"

Generosa alimtazama Herman na akaona kitu kilichomshangaza: mumewe hakuwa amemkasirikia. Alikuwa anamwonea huruma.

"Mwenyekiti," alisema Generosa, "kitambaa kiliachwa na mama yangu, na kazi yake humu ni kuzuia mwanga. Hata mimi sijaona kilichomo tangu Jumanne. Njooni tuone pamoja."

Hakuna aliyesogea. Basi akaenda peke yake. Alipoitoa pini ya kwanza ilidondoka chini. Akatoa ya pili, ya tatu, akashika pindo, akavuta kaniki yote kwa mara moja.

Maji hayakuwepo. Ndivyo alivyodhani kwanza, kwamba tangi limevuja lote, kwa sababu aliona mchanga wa chini punje kwa punje, na jiwe, na mpira wa pampu, na ukutani nyuma yake ule ufa alioutia Herman mwaka walipohamia. Halafu samaki mmoja mwekundu akapita katikati ya hewa ile, polepole, na mwingine nyuma yake. Aliwahesabu kwa kidole. Saba. Mwenye pezi jeupe alikuja kwenye kioo na kumtazama.

Generosa alipiga kigelegele ambacho walikisikia mpaka barabara ya lami. Hakupanga kukipiga, kilitoka chenyewe, kirefu, na Loveness, naye mwanajumuiya, akakidaka kabla hakijaisha, kisha akina mama wote. Mikeka ilikanyagwa na viatu. Wazee waliokuwa mlangoni walikuwa sasa wanasukumana wapate nafasi kwenye kioo, na mmoja akatoa miwani. Justa alipiga magoti na kitabu chake cha nyimbo, pua karibu inagusa, sauti yake ya kanisani imeisha.

"Umefanyaje?" aliuliza taratibu. "Dawa gani umetia?"

"Sijatia kitu. Nimewanyima jua na nimewanyima chakula chenu."

Akawaeleza, kuanzia bambo mpaka chupa ya sandukuni. Aliwaeleza vizuri, kama alivyokuwa anawaeleza wasichana wapya mwaloni, akirudia pale penye ugumu, na watu wazima kumi na wanne wakamsikiliza wamesimama. Loveness alilipapasa tangi kwa kiganja mara ya mwisho, akasema haya, maandazi yatapata kioo kingine. Mkono wa mtu ulikuwa tayari umelifuata kabati lenye kopo la chakula. Generosa aliushika kwenye kifundo, kwa upole kabisa.

"Konzi moja ndogo kwa siku, na anatoa mwenye nyumba," alisema. "Mgeni anakaribishwa kutazama."

Sala ilichelewa kuanza karibu nusu saa. Walisoma Injili, Justa akafafanua kwa ufupi ambao haukuwa kawaida yake, wakafika kwenye maombi, ambapo kila mwenye nia anaitoa kwa sauti na wenzake wanaitikia. Mmoja alimwombea mkwe anayejifungua. Mwingine aliomba mvua isichelewe. Miaka yote aliyosali nao, Generosa alikuwa na nia mbili tu: mwanawe Eliya, na magoti ya mumewe, ambaye hata hakuwa na shida ya magoti. Wakamgeukia, wakijua atakachosema.

Aliitazama kona ile.

"Mungu Baba, nakushukuru kwa ajili ya maji yangu," alisema. "Ni yangu mimi. Nimeyasafisha mwenyewe, na hayana kazi yoyote, na nayapenda."

Wakatazamana, maana hakumalizia na maneno yale ya kuwaitikisha watu, na hawakujua kama imeisha. Kisha mtu mmoja akaitikia peke yake, kwa sauti ya mwanakwaya, mpaka mshumaa ukayumba mezani.

"Ee Bwana, utusikie."

Alikuwa Herman.